Mwongozo kamili: kuvuka jangwa la baridi la Kilimanjaro kwa njia ya Rongai bila kurudishwa Kibo

Kila msimu ni stori ile ile. Mtu kajiandaa, kanunua buti, kapiga mazoezi miezi kadhaa, kafika Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, anatapika, saa nane usiku anashushwa huku kashikwa mkono, akirudi mjini anasema mlima umemkataa. Ukimuuliza ratiba yake ilikuwaje unakuta ni siku 5 kwa Marangu, sababu ndo ilikuwa bei rahisi. Basi hapo jibu lilishaandikwa kwenye risiti kabla hata hajafunga begi.

Mwongozo huu ni wa lile eneo linalowamaliza watu, yaani jangwa la juu la Kilimanjaro, kuanzia kama mita 4,000 mpaka 5,000 hivi. Mvua pale haifiki milimita 250 kwa mwaka, mchana jua linakuchoma mpaka unavua jaketi, usiku chupa ya maji inaganda ndani ya hema, miti hakuna, mto wa kuchota maji hakuna, na ukifika Kibo hewa imebaki zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Dar au Mombasa.

Njia nnayoitumia hapa ni Rongai ya siku 7, ile ya kulala Mawenzi Tarn (kambi ya bwawani chini ya kilele cha Mawenzi) usiku mbili, kuvuka Saddle (tambarare kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo) kwenda kambi ya Kibo, kileleni, halafu kushukia Marangu. Upande ule wa kaskazini ni mkavu, watu ni wachache, na inakupitisha katikati ya jangwa lenyewe. Kwa wadau wa Kenya ni jirani kabisa, ukivuka mpaka ukaingia Tarakea umeshafika.

Na usije na wazo la kwenda peke yako na hema lako mgongoni. Kilimanjaro hairuhusiwi, lazima uende na kampuni yenye leseni na kiongozi aliyesajiliwa na hifadhi. Kwa hiyo kazi yako wewe ni kupanga, kuuliza maswali, na kuutunza mwili.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usikimbilie madukani. Moshi kuna soko la Memorial, mitumba ya pale ina majaketi ya baridi kali mazuri kuliko mengi mapya ya madukani, Dar una Karume na Nairobi una Gikomba. Jaketi la manyoya ya bata libonyeze kwa ngumi ukiachia lipande lenyewe, likibaki limelala manyoya yamekufa, achana nalo. La kuzuia mvua limwagie maji kidogo mbele ya muuzaji, yakizama unamrudishia.

- Nguo za ndani za kubana, seti mbili, zisiwe pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki kule na inakuganda mwilini. Jinzi usibebe kabisa.
- Sweta la flisi, jaketi zito la manyoya, na koti la juu la kuzuia upepo. Suruali ya flisi na ya kuzuia upepo, zile za watu wa kuteleza kwenye theluji zipo nyingi mitumbani.
- Glavu nyembamba na juu yake glavu kubwa zile za vidole vinne pamoja.
- Kofia ya sufu ya kufunika masikio, kofia ya jua, na kitambaa cha kuvuta shingoni mpaka puani kwa ajili ya vumbi.
- Buti ulizokwisha kuzivaa wiki kadhaa. Buti mpya ni malengelenge siku ya pili.
- Soksi nene za sufu, moja ya kilele ikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa isiguswe mpaka usiku ule.
- Begi la kulalia linalostahimili hasi 10 au chini zaidi. La kukodi Moshi linatosha ila lifungue uone zipu inafanya kazi mpaka mwisho.
- Tochi ya kichwani na betri za akiba, miwani ya jua ya giza kweli, mafuta ya jua, mafuta ya mdomo.
- Chupa mbili za maji za mdomo mpana zisizopasuka na chupa ndogo ya chai ya kutunza joto. Zile chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.
- Fimbo mbili za kutembelea. Watu wanazicheka getini wanazililia wakishuka.

Kina dada, hili halisemwi: misuko mikubwa haiingii kwenye kofia ya sufu wala kofia ya jaketi, na kichwa kisichofunikwa usiku wa kilele ni mateso. Suka twende kilioni au chochote kinacholala kichwani, urembo utarudi ukishuka.

Begi kubwa atakalobeba mgumu, yaani mpagazi, lisizidi kilo 15. Mpagazi kikomo chake ni kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe, na mizigo inapimwa getini, ukizidisha unapanguliwa begi mbele za watu.

## Hatua ya 1: Pima afya kabla hujalipa hata shilingi

Kwa nini kwanza? Sababu pesa ya kibali hairudi kirahisi na daktari akikukatalia baada ya kulipa utampuuza, najua watu.

Pima presha, sukari, wingi wa damu na moyo. Kisha pima seli mundu, na hapa naomba usiruke. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande, hewa chache ndo kitu kinachoamsha yale maumivu yake. Lakini hata yule mwenye AS, yaani aliyerithi seli mundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaumwa na pengine hajui kama anayo, anaweza kupata shida ya bandama akiwa juu, maumivu makali ubavuni kushoto chini ya mbavu. Huku kwetu AS ni wengi. Miongozo mingi ya kizungu inalitaja hili juu juu tu, wewe ongea na daktari wako ukiwa na majibu mkononi.

Uliza pia kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakusaidia upumue vizuri zaidi hasa usingizini, lakini haikufanyi uwe chuma. Itakukojoza sana, vidole vitawasha kama vimekufa ganzi na soda itakuwa na ladha mbaya, hiyo ni kawaida. Kama Fansidar au Septrin imewahi kukuvimbisha au kukutoa vipele mwambie daktari, manake kuna ujamaa kati ya dawa hizo. Na uijaribu nyumbani siku mbili kabla ya safari, sio siku ya kwanza porini.

Mwenye sukari anayejidunga akumbuke insulini ikiganda imeharibika, inatakiwa ikae kifuani ndani ya nguo, sio kwenye begi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na majibu yaliyoandikwa na daktari aliyeambiwa neno "mita 5,895", sio "naenda kutalii Moshi".

## Hatua ya 2: Panga usiku, sio siku

Ndo penyewe hapa, ukikosea hapa mengine yote ni mapambo.

Mwili hauangalii umetembea kilomita ngapi, unaangalia umelala urefu gani. Madaktari wa milima wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, usipandishe sehemu ya kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne weka usiku wa ziada palepale.

Sasa chukua ile Marangu ya siku 5: unalala Mandara kama 2,720, kesho Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720. Mita elfu moja kila usiku, mara mbili ya kinachoshauriwa, na usiku huohuo wa Kibo unaamshwa uende kileleni. Sio ajabu watu wanatapika, ajabu ni wale wanaofika.

Rongai ya siku 7 inakwenda hivi (vipimo ni vya kukaribia):

1. Geti la Nale Moru 1,950 mpaka Simba Camp 2,600
2. Simba mpaka Kikelelwa 3,600
3. Kikelelwa mpaka Mawenzi Tarn 4,300
4. Mawenzi Tarn tena, unapanda kidogo na kurudi kulala
5. Mawenzi Tarn kuvuka Saddle mpaka Kibo 4,700
6. Kileleni 5,895, kushuka mpaka Horombo 3,720
7. Horombo mpaka geti la Marangu

Utaona hata hii ina mruko mbaya, siku ya 2 unapanda mita elfu. Kama mfuko unaruhusu ongeza usiku mmoja Second Cave, kwenye 3,450, iwe siku 8. Mimi ningekata hoteli nzuri ya Moshi, ningekata hata safari ya mbugani ya baadaye, lakini usiku huo nisingeukata. Na kampuni ikikwambia "siku 6 zinatosha wewe si mzima", waulize wanakata usiku upi. Karibu kila mara wanakata ule wa pili wa Mawenzi Tarn, yaani ule ule unaokupeleka juu.

Kama unaweza, panda Mlima Meru (4,562) wiki moja kabla, au kwa walio Kenya Point Lenana ya Mlima Kenya (4,985). Ukikaa mwezi katikati faida yake imeshapotea, iwe siku chache tu.

## Hatua ya 3: Chagua mwezi

Januari mpaka mwanzo wa Machi, au mwisho wa Juni mpaka Oktoba. Machi katikati mpaka Mei ni masika, Novemba ni vuli. Rongai inapata mvua kidogo kuliko njia za kusini kwa hiyo ukilazimika kwenda msimu wa pembeni ni bora hiyo, ila unashukia Marangu ambako utalowa tu. Julai na Agosti anga ni safi lakini baridi ni kali. Makundi ya Uhuru ya 9 Desemba yananoga ila hali ya hewa ni bahati nasibu. Ukiweza panga usiku wa kilele uangukie karibu na mwezi mpevu, tochi utaizima njia nzima.

## Hatua ya 4: Kampuni, na bei inayoficha kitu

Usimlipe yule kijana anayekufuata stendi, maflaikacha wana maneno matamu na ofisi hawana. Nenda ofisini au omba leseni.

Omba bei iliyochanganuliwa kwa maandishi: ada ya hifadhi kwa kila siku, ada ya kambi kwa kila usiku, ada ya uokoaji, kodi, mishahara ya wafanyakazi, chakula, usafiri wa pande zote mbili. Ada za hifadhi ni zile zile kwa kila kampuni, kwa hiyo anayekuja na bei ya chini sana hazipunguzi hizo, anakata kwingine: chakula, mahema, au posho ya wagumu. Mgumu mwenye njaa na koti bovu hawezi kukubebea maji kuvuka Saddle.

Raia wa Afrika Mashariki na mgeni hawalipi sawa hata kidogo, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasi halisi, picha kwenye simu getini ni ugomvi. Ndugu zetu wa diaspora mliobadili uraia, hesabuni mnalipa kama wageni hata kama mama yupo Kibosho.

Maswali ya kuuliza kabla hujatoa pesa:

- Wagumu wangapi kwa kila mpandaji? Kwa njia ya mahema watu 3 mpaka 4 ni kawaida. Wakisema mmoja, kuna mtu atabebeshwa.
- Kiongozi ana wasaidizi wangapi? Lazima wawepo wa kutosha ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine waendelee.
- Wana mtungi wa oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni? Uoneshwe sio usimuliwe.
- Wana bima au utaratibu gani wa kumshusha mtu? Kama unakata bima mwenyewe, hakikisha inataja urefu wa kufika mita 6,000, nyingi zinaishia chini ya hapo.
- Wanashirikiana na KPAP? Hao ndo wanaofuatilia wagumu wanalipwaje na wanalala wapi.

Ukishika karatasi yenye majibu hayo yote na ratiba yenye majina ya kambi kwa kila usiku, hapo umemaliza. Ratiba iliyoandikwa "Day 3: trekking" ni karatasi tupu.

## Hatua ya 5: Mazoezi, kwa kifupi

Miezi miwili mitatu, kupanda na kushuka ngazi ukiwa na begi la kilo 6 mgongoni, mara tatu kwa wiki, na mwisho wa wiki kutembea masaa matano sita mfululizo. Uluguru, Lushoto, Ngong, Longonot, chochote chenye mwinuko. Kukimbia kunasaidia pumzi ila nguvu ya mapaja ya kushukia inatoka kwenye ngazi. Nikuonye tu, ufiti hauzuii ugonjwa wa mwinuko, vijana wa jimu ndo huwa wanaenda haraka siku mbili za mwanzo na ndo hao wanaoshushwa.

## Hatua ya 6: Maji na chakula cha jangwani

Kibo Hut hakuna maji. Narudia kwa wanaosoma haraka, HAKUNA. Yote mtakayokunywa, kupikia na kupanda nayo kileleni yanabebwa na wagumu kutoka Mawenzi Tarn, mwendo wa masaa manne matano. Kwa hiyo mnakubaliana na kiongozi jioni ya siku ya 4, sio asubuhi ya siku ya 5: kila mpandaji anaondoka na lita 3 zake, na mpishi ana madumu mangapi. Ukisikia "tutaona huko huko" zuia safari mpaka madumu yajazwe.

Maji ya bwawa la Mawenzi yachemshwe. Kule juu maji yanachemka mapema, Kibo kwenye kama nyuzi 84 au 85 tu, lakini bado yanaua vijidudu, acha yatokote dakika tatu nzima. Ukitumia Waterguard ngoja muda mrefu kuliko ulioandikwa, kwenye maji ya baridi dawa inafanya kazi taratibu.

Hiyo hiyo nyuzi 84 ndo sababu maharage na makande hayaivi kule hata uchochee gesi yote. Kama mnataka maharage yapikwe chini yaje yamepoa, ya kupasha tu. Vinavyokwenda vizuri: supu, viazi, tambi, uji, mayai, mtori kama mpishi ni wa kwao. Kuni haziruhusiwi.

Hamu ya kula itakufa kuanzia Mawenzi Tarn. Ndo maana unabeba vitu vyako unavyovipenda, karanga, korosho, tende, kashata, biskuti. Chokoleti inakuwa ngumu kama tofali kwenye baridi, kata vipande vidogo kabisa uweke mfuko wa ndani. Kunywa lita 3 mpaka 4 kwa siku, mkojo uwe mweupe, ukiwa rangi ya chai umechelewa. Pombe hapana, na vidonge vya usingizi hapana kabisa, vinapunguza kupumua wakati ndo pumzi unayoitafuta.

## Hatua ya 7: Getini mpaka Mawenzi Tarn

Makampuni mengi hupita kwanza geti la Marangu kwa ajili ya vibali, ndo mnazunguka kwenda Nale Moru, kwa hiyo siku ya kwanza mnaanza kutembea mchana. Ni sawa, ni fupi.

Kila mtu atakwambia pole pole, hakuna anayekupa kipimo. Kipimo ni hiki: uweze kuongea sentensi nzima ndefu bila kukata katikati kuvuta pumzi. Ukishindwa umezidisha, hata kama wenzako wapo mbele. Kuanzia Second Cave miti inaisha, inabaki vichaka, halafu mawe, na mkono wako wa kushoto Mawenzi anaanza kuonekana na yale meno yake.

Homa kali siku mbili hizi za mwanzo usiseme ni mwinuko. Mwinuko unaleta kichwa na kichefuchefu, homa ya kutetemeka kwa mtu aliyetoka Dar juzi inaweza kuwa malaria, shuka ukapime.

Ukifika Kikelelwa kichwa kikiuma kidogo na ukila, ukanywa maji, ukameza panadol kikaisha, uko vizuri. Kisipoisha mpaka asubuhi usipande kwenda Mawenzi Tarn, subiri hapo.

## Hatua ya 8: Siku ya kukaa Mawenzi Tarn

Watu wanaichukia siku hii, wanasema inapoteza hela. Asubuhi mnapanda ukingo wa Mawenzi mita 200 au 300 juu ya kambi, mnakaa nusu saa mnaangalia jangwa lote la Saddle na Kibo ng'ambo, mnarudi kula na kulala. Kupanda juu na kulala chini, basi. Mwili unapewa onjo halafu unapumzishwa.

Jioni hiyo kaa na kiongozi mkubaliane sheria za kushuka, wakati akili bado inafanya kazi. Mimi ningeziweka hivi:

- Kichwa kinachouma hata baada ya dawa, pamoja na kutapika: hakuna kupanda.
- Mtu anayeyumba. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa ubongo umeanza kuvimba, anashuka dakika hiyo hiyo, usiku au mchana, na hashuki peke yake.
- Kuhema sana akiwa amekaa, kikohozi chenye povu, midomo ya bluu: mapafu yanajaa maji. Anashuka sasa hivi na oksijeni.
- Mtu anayeongea ovyo au amekuwa mkali ghafla. Yeye atakuwa wa mwisho kukubali anaumwa, kwa hiyo kura yake haihesabiwi.

Kipima oksijeni kisiwatishe. Asilimia 80 ambayo mjini ungelazwa, kule ni kawaida. Muhimu ni namba yako ya jana na ya leo, na mtu mwenyewe yupoje. Namba nzuri kwa mtu anayeyumba haina maana.

Dalili nzuri: asubuhi ya siku ya 5 umeamka na njaa. Njaa kule ni kipimo bora kuliko hicho cha kidoleni.

## Hatua ya 9: Kuvuka Saddle

Hapa ndo jangwa lenyewe. Kama kilomita 8 mpaka 9, karibu tambarare, Mawenzi nyuma yako na Kibo mbele, na Kibo anaonekana yupo karibu masaa matatu mazima. Mimea ni vishungi vya nyasi na yale maua makavu, basi, mengine ni kokoto na kuvu kwenye mawe. Utapita mabaki ya ndege ndogo iliyoanguka mwaka 2008, watu wanapiga picha, mimi naona uendelee kutembea.

Mambo matatu yanawapiga watu hapa, na yote yanakuja kimya kimya. Upepo, unakausha jasho kabla hujaliona kwa hiyo unadhani hujapoteza maji, kunywa kila nusu saa hata bila kiu. Jua, kwenye urefu ule linaunguza hata kukiwa na baridi, na ngozi nyeusi inaungua pia jamani, pua, masikio na chini ya kidevu vipakwe, na miwani isitoke usoni. Na vumbi, linaingia kifuani na kikohozi chake kitakusumbua usiku wa kilele, vuta kitambaa mpaka puani.

Vaa tabaka nyembamba za kuvua na kuvaa. Wingu likipita joto linashuka ghafla, jaketi liwe kwenye begi lako dogo sio kwa mgumu aliyeshatangulia. Ukungu ukishuka msiachane hata hatua kumi, pale hakuna mti wala mto wa kukuonesha njia.

Lengo ni kufika Kibo saa saba au saa nane mchana ukiwa umemaliza maji yako na bado unaweza kutania. Ukifika hoi, mwambie kiongozi saa hiyo hiyo, sio saa sita usiku.

## Hatua ya 10: Usiku wa kilele

Ukifika Kibo kula, panga nguo zote za usiku mkononi, lala. Mtaamshwa kama saa tano usiku, chai na biskuti, saa sita mnaanza. Simu na betri za tochi zilale na wewe ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza. Chupa za maji zikae kichwa chini kwenye begi, barafu inaanzia juu, na ule mrija wa kunyonyea maji utaganda saa moja ya kwanza kwa hiyo usiutegemee.

Ni kama mita 1,000 za kupanda mpaka Gilman's Point ukingoni mwa kreta, changarawe inayokurudisha nyuma kila hatua, masaa matano sita. Hasi 10 mpaka 15 ni kawaida na upepo unaongeza. Pango la Hans Meyer, kama 5,150, ndo pa kujipima: umekunywa? vidole vya miguu unavisikia? unaweza kusema jina la mtaa wako bila kufikiri? Hapo kurudi ni rahisi. Juu ya hapo kila mtu anakuwa mbishi.

Msikae zaidi ya dakika tano mnapopumzika, mwili unaganda. Hesabu hatua, ishirini halafu pumzi tatu.

Gilman's ukiwa umefika na miguu bado inanyooka, Uhuru, kilele chenyewe, ni saa moja na nusu mpaka mawili mbele kupitia Stella Point, na sehemu kubwa sio mwinuko mkali. Ukiishia Gilman's bado unapewa cheti, sio kile cha Uhuru lakini ni cheti. Kileleni robo saa inatosha, piga picha, shuka.

## Hatua ya 11: Kushuka

Ajali nyingi za magoti zipo hapa kwa sababu watu wanadhani kazi imeisha. Kaza buti sehemu ya kifundo, kucha ziwe zimekatwa toka nyumbani, legeza magoti, fimbo ziwe ndefu kidogo. Kibo unapumzika saa moja tu, unakula, unaendelea Horombo, usikubali kulala Kibo hata ukiombwa na miguu yako yote miwili. Kichwa kinachouma kikianza kupungua unaposhuka, ndo kawaida. Kikizidi huku unashuka, mwambie kiongozi, hiyo sio kawaida. Horombo kuna msaada, gari la uokoaji linafika, na TTCL walishapeleka intaneti toka 2022 kwa hiyo ndo utawapigia nyumbani. Upande wa Rongai usitegemee, simu inaweza kunasa mtandao wa Kenya na kukukata hela za bure.

Kesho yake ni kama kilomita 20 mpaka geti la Marangu, msitu na matope, koti la mvua liwe juu ya begi. Bahasha za wagumu ziandaliwe mapema, kila mmoja na yake, na kiasi cha kila mtu kitajwe mbele ya wote, usimpe mtu mmoja zote akagawe. Vifaa vya kukodi vihesabiwe hapo hapo getini kabla ya gari kuondoka, na kama kikohozi cha vumbi au kuhema kutaendelea siku mbili tatu baada ya kufika mjini nenda hospitali, waambie ulilala mita 4,700.